Anayesoma picha yako hospitalini: daktari bingwa wa radiolojia anapatikanaje?

Msikilizaji wetu, kuna swali ambalo kila tukifanya kipindi cha afya halikosi kuja kwa njia ya ujumbe mfupi. Mtu anasema: nimepigwa picha asubuhi, nimelipa, mashine imefanya kazi, lakini naambiwa majibu bado. Kwani mashine haitoi majibu yenyewe?

Jibu fupi ni hapana. Mashine inatoa picha tu. Majibu yanatolewa na mtu, na mtu huyo amekaa darasani na wodini zaidi ya miaka kumi tangu aanze kidato cha 5. Leo tunaeleza mtu huyo ni nani, anachaguliwaje, anafundishwa nini, na kwa nini uchache wake unatugusa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria.

Watu wawili tofauti

Wengi tunachanganya watu wawili tunaowakuta chumba cha mionzi.

Wa kwanza ni mteknolojia wa mionzi, ambaye mitaani tunamwita mpiga picha. Huyu ndiye anayekulaza kitandani, anayekuambia uvute pumzi uishike, na anayepanga mionzi iwe ya kiasi kinachotosha. Kazi yake ina shule yake. Hapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Katoliki cha Sayansi za Afya na Tiba, kinachojulikana kama CUHAS, kinafundisha wataalamu hao palepale kilima cha Bugando. Wana baraza lao pia, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Wa pili ni daktari bingwa wa radiolojia. Huyu mara nyingi humuoni kabisa. Amekaa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, mbele ya kompyuta, anaangalia picha yako na kuandika maana yake. Maandishi yake ndiyo yanayorudi kwa daktari aliyekutuma. Katikati ya hawa wawili, kwenye hospitali za kufundishia, utamkuta daktari anayesomea ubingwa. Madaktari wenyewe humwita residenti. Ni daktari kamili, ana leseni, ila yuko kwenye mafunzo ya kuwa bingwa.

Kusoma picha kuna ugumu gani?

Tuchukue mifano ya huku kwetu.

Mtu anakohoa wiki tatu, anapigwa eksirei ya kifua. Linaonekana doa jeupe juu ya pafu la kulia. Doa hilo linaweza kuwa kifua kikuu. Linaweza pia kuwa kovu la ugonjwa uliopona zamani, au nimonia ya kawaida, au uvimbe wa saratani. Ni doa moja, lakini matibabu yake yana njia nne tofauti. Anayesoma anatazama umbo la doa, kingo zake, tezi za jirani, na picha za nyuma kama zipo, ndipo aseme lipi linaelekea zaidi.

Mtu mwingine amekwamwa na mfupa wa samaki kooni. Eksirei imepigwa, haionyeshi kitu. Je, arudi nyumbani? Si lazima. Mifupa mingi ya samaki haionekani kwenye eksirei ya kawaida, na picha ya CT huiona vizuri zaidi. Bingwa anajua kwamba "sijaona" na "hakuna" ni maneno mawili tofauti, na anaandika hivyo kwenye ripoti.

Kijana ameanguka na bodaboda usiku, ameumia kichwa. Picha ya CT inaonyesha damu mbichi kama weupe ndani ya fuvu. Lazima isemwe haraka: iko wapi, ni nyingi kiasi gani, na imeusukuma ubongo upande au bado? Daktari wa upasuaji anasubiri maneno hayo aamue kama anafungua kichwa usiku huohuo.

Na kuna kichocho. Kile cha matumbo, ambacho watu wa visiwani na wavuvi wanakijua, kikikaa miaka mingi kinaacha makovu kwenye ini kuzunguka mishipa ya damu. Ultrasaundi inayaonyesha makovu hayo kabla mgonjwa hajaanza kutapika damu. Lakini asiyezoea kuyaona anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine wa ini.

Picha haiji na maelezo pembeni. Anayeitazama anahitaji kuujua mwili mzima, magonjwa ya watoto na ya wazee, na namna kila mashine inavyoweza kumdanganya.

Safari inaanzia kidato cha 5

Kwa mzazi mwenye kijana anayependa kazi hii, njia yenyewe ni hii.

Kwanza, kidato cha 5 na 6 katika mchepuo wa Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani PCB, na kufaulu masomo yote matatu. Wengi huipuuza fizikia wakidhani ni ya wahandisi. Kwa radiolojia ndiyo msingi, kwa sababu mionzi, mawimbi ya sauti na sumaku vyote ni fizikia.

Pili, shahada ya kwanza ya udaktari, miaka 5. Hapa kila mwanafunzi anasoma mambo yaleyale, awe atakuja kuwa bingwa wa macho, wa watoto au wa radiolojia.

Tatu, mwaka 1 wa utarajali. Daktari tarajali anazunguka wodi kubwa: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, na wanawake na uzazi. Akimaliza salama ndipo anapata usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika.

Nne, wengi hufanya kazi kwanza mwaka mmoja, miwili au zaidi kwenye hospitali za wilaya au vituo vya afya. Kipindi hiki kina faida yake, kwa sababu daktari aliyewahi kubaki peke yake usiku na mgonjwa aliyevunjika mguu anajua ripoti ya picha inatakiwa kusema nini.

Tano, ndipo ubingwa wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS, shahada ya umahiri ya radiolojia inachukua miaka 3.

Hebu tupige hesabu. Kijana anayeanza kidato cha 5 mwaka 2026 anamaliza kidato cha 6 mwaka 2028. Udaktari unampeleka hadi 2033. Utarajali unaishia 2034. Akiunganisha moja kwa moja bila kukaa kazini hata siku moja, ubingwa anaupata mwishoni mwa 2037 au mwanzoni mwa 2038. Mashine ya eksirei inaweza kununuliwa na kufungwa ndani ya mwaka mmoja. Msomaji wake analelewa kwa miaka 12.

Nafasi inaombwa wapi, na nani anachaguliwa?

Hapa kwetu Tanzania daktari anaomba chuo kikuu. Haombi hospitali. Chuo kinatangaza nafasi, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na masomo huanza mwezi wa 10 au wa 11. Mwombaji anapeleka cheti cha shahada na matokeo ya miaka yote, uthibitisho wa kumaliza utarajali, usajili wa Baraza, na barua za watu wanaomfahamu kikazi.

Chuo kinaangalia alama zake za udaktari na nyaraka hizo. Lakini kuna kitu cha pili kinachoamua, na watu hawakizungumzi sana: idadi ya walimu. Kusoma picha hakufundishwi kwa hotuba ya watu mia mbili ukumbini. Bingwa mmoja anakaa na residenti wachache mbele ya picha moja, wanabishana. Kama idara ina mabingwa wanne, haiwezi kupokea wanafunzi arobaini hata kama wote wana alama nzuri. Ndiyo maana uchache wa mabingwa unajizaa wenyewe: walimu wachache, nafasi chache, wahitimu wachache, na walimu wachache tena.

Kitu cha tatu ni fedha. Anayesomea ubingwa ni mwanafunzi wa chuo, hivyo ada inamhusu. Kama ni mtumishi wa serikali, anahitaji ruhusa ya mwajiri, na akiipata kwa utaratibu anaendelea kulipwa mshahara wake wakati anasoma. Wizara ya Afya imekuwa ikifadhili baadhi ya madaktari, ukiwemo mpango wa ufadhili wa ubingwa na ubingwa bobezi uliopewa jina la Rais Samia. Asiye na mwajiri wala mfadhili anajilipia, huku akiwa na familia na umri wa miaka thelathini na kitu.

Wenzetu wana taratibu tofauti. Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kinafundisha radiolojia kwa miaka 3 kama sisi. Kenya, Chuo Kikuu cha Nairobi kinachukua miaka 4. Marekani ni miaka 5: mmoja wa wodini na minne ya radiolojia. Huko daktari haombi chuo. Anaziomba hospitali moja kwa moja, anafanyiwa usaili, kisha yeye anapanga hospitali anazozitaka kwa mfuatano na hospitali nazo zinapanga madaktari zinaowataka. Kompyuta inawaoanisha, na majibu hutoka mwezi wa 3. Aliyechaguliwa ni mwajiriwa wa hospitali, analipwa mshahara tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo kazi ni ileile ya kusoma picha za wagonjwa mchana na usiku, lakini huko anayejifunza analipwa, na huku anaweza kuwa ndiye anayelipa.

Miaka mitatu inavyokwenda

Mwanzo wa mafunzo ni wa misingi. Residenti anarudi kwenye anatomia, lakini safari hii anaisoma kama inavyoonekana kwenye picha: mwili uliokatwa vipande vyembamba kama mkate. Anasoma fizikia ya mionzi na namna ya kumkinga mgonjwa na yeye mwenyewe. Hili si jambo dogo. Picha moja ya CT ya tumbo inaweza kuwa na mionzi mara mia moja au zaidi ya eksirei moja ya kifua. Ultrasaundi haina mionzi hiyo kabisa, inatumia sauti. MRI nayo haina, inatumia sumaku. Bingwa mzuri ni yule anayeweza kumwambia mwenzake, "Huyu mtoto hahitaji CT, tuanze na ultrasaundi."

Baadaye anapita kwenye vitengo: kifua, mifupa, tumbo, ubongo na uti wa mgongo, watoto, matiti, na ujauzito. Ultrasaundi anaishika kwa mkono wake mwenyewe, maana ile haisomwi ukiwa umekaa mbali. Usipojua kuzungusha kile kifaa juu ya tumbo, ugonjwa unakupita.

Siku yake huanza na kikao cha asubuhi. Picha za usiku zinawekwa ukutani, residenti anaulizwa mbele ya wenzake: unaona nini? Kabla ya ugonjwa anatakiwa ataje jina la mgonjwa, tarehe, na upande wa kulia na kushoto. Inaonekana kama kazi ya karani, lakini pafu la kushoto likiandikwa la kulia, mtu anaweza kutobolewa upande usio na ugonjwa.

Kisha anaandika ripoti za rasimu. Bingwa anazipitia, anasahihisha, anatia saini. Na hapa ndipo jibu la swali letu la mwanzo lilipo. Unapoambiwa majibu bado, mara nyingi picha imeshasomwa mara moja na inasubiri jicho la pili. Kusubiri huko kunachosha, hasa kama umetoka mbali na meli inaondoka, lakini kuna kazi yake.

Mwaka wa mwisho residenti anafanya utafiti na kuandika tasnifu, kisha mtihani wa mwisho: wa kuandika, wa kuulizwa ana kwa ana, na wa kusoma picha mbele ya watahini, akiwemo mtahini kutoka nje ya chuo.

Bingwa anayetibu kwa kutumia picha

Radiolojia haiishii kwenye kusoma. Kuna tawi linaloitwa tiba radiolojia. Hapa daktari anaingiza sindano au mrija mwembamba mwilini huku akiangalia kwenye kioo. Anaweza kutoa usaha kwenye ini bila kupasua tumbo, kuzibua njia ya nyongo, kupitisha mkojo uliozuiliwa na uvimbe, au kuziba mshipa unaovuja damu.

Mpaka miaka michache iliyopita Tanzania haikuwa na mafunzo haya. Mwaka 2018 Muhimbili ilianza kushirikiana na madaktari kutoka Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani na vyuo vingine. Timu za madaktari na wauguzi zilikuja kwa zamu kufundisha wenzao papo hapo kazini. Mwaka 2019 MUHAS ikaanzisha shahada ya miaka 2 ya tiba radiolojia kwa ambao tayari ni mabingwa wa radiolojia, na wahitimu wa kwanza wakatoka mwaka 2021.

Tumelitaja hili kwa sababu linaonyesha njia ya kukata ule mzunguko wa uchache. Walimu waliletwa kwa wanafunzi, na wanafunzi wakageuka walimu papo hapo nchini. Hakuna aliyelazimika kupelekwa ng'ambo miaka mitano kwa matumaini kwamba atarudi.

Hili linatuhusu vipi kanda ya ziwa?

Hapa Mirongo tukiinua macho tunaiona Bugando juu ya kilima. Imefunguliwa mwaka 1971, na leo ndiyo hospitali ya rufaa ya mamilioni ya watu wa kanda ya ziwa na hata wa magharibi. Kwa sensa ya 2022, mkoa wa Mwanza peke yake una watu 3,699,872. Bado hujahesabu Geita, Mara, Simiyu, Shinyanga na Kagera.

Vifaa vimesogea. Hospitali za wilaya nyingi sasa zina eksirei na ultrasaundi, na hospitali za rufaa za mikoa zimepata CT. Wasomaji hawajasogea kwa kasi hiyo, kwa sababu bingwa huyohuyo anahitajika kusoma, kufundisha na kuitwa usiku. Matokeo yake mgonjwa wa Ukerewe au Buchosa anaweza kupigwa picha karibu na nyumbani, halafu akaambiwa aipeleke mjini isomwe. Nauli, malazi na siku za kazi zinazopotea vinazidi bei ya picha yenyewe.

Njia moja ya kupunguza adha hii ni kuituma picha kwa mtandao. Mgonjwa anabaki wilayani, picha inasafiri, bingwa anaisoma alipo. Baadhi ya hospitali nchini zimeshaanza. Lakini mtandao hauzalishi bingwa, unamsogeza tu. Kama aliyepo ni mmoja na picha ni mia tatu, foleni inahama kutoka kwenye benchi na kuingia kwenye kompyuta.

Kwa hiyo tunapouliza viongozi wetu, tusiishie kuuliza mashine inakuja lini. Tuulize pia: ni madaktari wangapi wa halmashauri yetu wameruhusiwa kwenda kusomea radiolojia, nani anawalipia, na wakirudi watapangiwa wapi?

Wewe mgonjwa ufanye nini?

Mambo machache yatakusaidia, na hayagharimu kitu.

Dai ripoti iliyoandikwa, usiridhike na picha tu. Filamu bila ripoti ni nusu ya huduma.

Tunza picha na ripoti za zamani, na uzibebe kila unapokwenda hospitali. Lile doa la kwenye pafu likiwa lilikuwepo miaka mitatu iliyopita na halijakua, maana yake inabadilika kabisa.

Kama una ujauzito au unahisi unao, sema kabla ya kuingia chumba cha mionzi, hata kama hujaulizwa.

Kama unatakiwa kuchomwa dawa ya kuonyesha mishipa wakati wa CT, waambie kama una ugonjwa wa figo, pumu, au kama dawa yoyote imewahi kukudhuru.

Ukikutana na residenti, usiogope. Unayo haki ya kuuliza jina lake na bingwa anayemsimamia. Akikuomba ruhusa ya kujifunza kwako, unaweza kukubali au kukataa, na matibabu yako hayapungui. Ila ujue kwamba kila bingwa uliyewahi kumsikia alijifunza kwa mgonjwa aliyekubali.

Kwa mzazi na kijana wa PCB: kabla ya kulipa fedha ya fomu popote, angalieni kwenye tovuti ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kama chuo na kozi husika vimeidhinishwa. Na kama kijana anasema fizikia inamchosha, mwambieni kuna mgonjwa Nansio anayemsubiri mwaka 2038.